Ugali wa Bahi

Siku Nyemo alipoondoka, mama yake alimnawisha uso kwa maji ya kunywa. Kaka yake alilishangaa hilo kuliko safari yenyewe. Ulikuwa mwaka wa nzige, mashamba ya Ipagala yamebaki vijiti vitupu, na maji ya kibuyu kile yalikuwa yamechimbwa kwenye mchanga wa korongo kwa nusu siku nzima. Hayakuwa maji ya kunawia mtu.

Nje ya nyumba yao ya tembe alisimama mwanamke wa Kinyamwezi, mke wa mpagazi, mpana wa mabega. Msafara wao ulikuwa unarudi kwao kutoka pwani, na chakula walikuwa bado wanacho. Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Tangu jana yake alikuwa akimtazama Nyemo, na asubuhi ile alikuja akasema, "Huyu mnipe. Kwangu atakula." Baba, Matonya, alikuwa amelala ndani miguu imevimba kwa njaa, hana la kusema. Basi mama ndiye aliyesema.

"Nenda ukale, mwanangu."

"Na kaka?" aliuliza Nyemo. Alikuwa na miaka sita hivi.

"Kaka yako ni mkubwa, atavumilia. Nenda."

Akaenda, ameshika ncha ya kaniki ya yule mwanamke. Hakulia. Kaka yake aliwafuata mpaka korongoni, mama akamwita, akarudi. Mwezi haukuisha, baba akafa. Mwaka uliofuata mvua zilirudi, uwele ukaota, waliobaki wakala wakashiba. Nyemo hakurudi.

Kaka huyo ndiye aliyekuja kuitwa Yotham, alipobatizwa kwenye misheni ya Mvumi. Huko alijifunza kusoma na kuandika na hesabu, na hesabu ndiyo iliyompeleka kwenye reli. Wajerumani walipoileta reli ya kati kuelekea Dodoma, alianza kwa kubeba mnyororo wa kupimia. Baadaye akashikishwa fimbo ya vipimo. Baadaye tena, kwa kuwa jicho lake halikukosea, mhandisi akamwachia darubini yenyewe ya kupimia ardhi. Mwishowe alikuwa akipanga madaraja madogo ya kupitishia maji chini ya tuta, na aliposema maji yatapita hapa, masika yalipofika yalipita hapo hapo. Walimwita Fundi, hata wazee waliomzidi umri.

Jambo la kwanza alilofundishwa kwenye darubini lilikuwa kutazama nyuma. Kigingi kipya hakiaminiwi mpaka ugeuke, ukitazame kile ulichotoka. Yotham aliishika kanuni hiyo upesi kuliko wenzake. Tangu utoto wake hakuwa amefanya kingine.

Mwaka mmoja kabla reli haijaingia Dodoma, mstari ulikata katikati ya makaburi ya kaya moja, naye akatumwa akaulize ni ya nani. Bibi mmoja alimtembeza kaburi kwa kaburi. Kutoka kwa marehemu mmoja alipanda hadi kwa baba wa babu yake, akashuka kwa upande mwingine, akawafikia wajukuu walio hai. Mmoja wao, alisema, alichukuliwa na msafara mwaka wa nzige, na sasa yuko Kilimatinde, ana watoto wawili.

"Ulijuaje, bibi?"

"Niliuliza kila apitaye njia, miaka kumi na miwili. Mwisho walikuwa wakiniona wananikimbia."

Siku ile Yotham alirudi kambini, akaligeuza daftari lake la vipimo, akaanza kuandika kutoka nyuma. Mbele aliandika ardhi, nyuma akaandika watu: fulani mwana wa fulani, ukoo wao huu, mwiko wao huu, walitoka kule, wakazika pale. Daftari lilipokutana katikati alianza jingine. Na reli ilipofika Tabora, mwaka wa 1912, aliaga.

"Fundi amerogwa," walisema wenzake. "Mtu aache kazi ya reli aende kuuliza majina ya maiti!"

Lakini kazi hiyo ilikuwa na watu wake. Palipokuwa na posa aliitwa aangalie kama kijana na binti si wa ukoo mmoja. Palipokuwa na ugomvi wa urithi wa ng'ombe aliitwa vilevile. Alilipwa jogoo, au kibuyu cha pombe ambacho hakukinywa. Kila kaya aliyoingia aliandika, na kila alipomaliza aliyapitia majina kutafuta moja ambalo halikukaa sawa, mtoto asiye na mzazi kwenye orodha. Kuuliza waziwazi hakuweza. Ukimuuliza mtu, "Una mtoto aliyeletwa na msafara?" atadhani umetumwa na boma kutafuta waliokuwa na watumwa, na mlango utafungwa.

Nyumbani Ipagala muda ulikuwa unakwisha. Kila mwaka kabla ya kupanda, baba mdogo alimwaga pombe kwenye kaburi la Matonya na kuwataja marehemu wa nyumba, na kila mwaka mama alimkatiza. "Nyemo usimtaje. Hamkumzika." Sasa mvua zilikuwa zimeharibika misimu miwili mfululizo, na baba mdogo alichoka.

"Shemeji, mtu hawezi kukaa mlangoni miaka yote, hayuko ndani, hayuko nje. Safari ijayo nitamtaja. Kama yu hai, atanisamehe."

Mama alikuwa karibu hana macho. Alimgeukia Yotham alipokuwa amekaa, akasema, "Umesikia."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1913. Miezi miwili baadaye Yotham alikuwa Mvumi, akiwasomea jamaa wa nyumba moja ukoo wao, vizazi sita, bila kukwama. Walimshangilia. Ila Priska, binti wa nyumba hiyo, alisimama na ungo wake kiunoni.

"Kaka zangu wote umewasoma, hata yule aliyekufa hajaota meno. Mimi je, Fundi? Mimi niliota kama uyoga?"

Watu walicheka sana. Yotham pia alicheka, kisha akaenda kukaa peke yake na madaftari yake kumi na moja. Aliyafunua moja baada ya jingine. Wana na wana wa wana. Wazee walitaja wa kiume kwa sababu ndivyo walivyotajiwa, naye aliandika alichotajiwa. Miaka yote alikuwa akimtafuta msichana kwenye orodha ya wanaume.

Akaanza kurudi kwenye nyumba za zamani. Aliziacha zile za makabila ya karibu, akaanza na waliowahi kuwa wapagazi. Nyumba ya tatu ilikuwa Bahi, kwa mzee Halfani, Mnyamwezi aliyeuacha upagazi akafungua duka la chumvi na shanga karibu na stesheni. Yotham aliwahi kulala kwake mwaka 1911, walipokuwa wakiipitisha reli kwenye mbuga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ala, Bwana Daftari! Mara ile uliniachia mababu wanne, leo umekuja kunitafutia wa tano?"

"Leo nimekuja kuuliza wa kike."

Halfani aliacha kucheka. "Wa kike wa nini? Nani anawataka?"

"Mimi."

"Wewe nani?" Mzee alimtazama toka kofia hadi viatu. "Nyie Wagogo watani zangu, nawajua. Mgogo akifika kwa mtu hutaja kwao, na ukoo wao, na ng'ombe wa babu yake, mpaka mwenyeji asinzie. Wewe ulikaa hapo hapo uliposimama, ukaniuliza baba yangu, babu yangu, wanangu. Hukunitajia hata kijiji. Nikasema, huyu katumwa."

Ilikuwa kweli. Reli ilikuwa imemzoeza: unafika, unasimika darubini, unauliza, unaandika, unaondoka. Katika nyumba zote zile, za madaftari yote yale, hakuwahi kusema yeye ni wa nani.

Akavua kofia.

"Mimi ni mwana wa Matonya wa Ipagala. Baba alikufa mwaka wa nzige. Mama yupo. Dada yangu aliitwa Nyemo, akachukuliwa na mwanamke wa msafara, mpana wa mabega. Hakuwa na mtoto."

Halfani aliviringisha ushanga mmoja kwenye vidole.

"Mwanne," alisema. "Mke wangu mkubwa. Alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu."

"Na mtoto?"

"Sisi tulimwita Stara."

"Yuko wapi, mzee?"

"Ameolewa. Mumewe askari, walimhamishia Moshi mwaka jana, baada ya Idi. Wana binti mmoja, mbishi kama nini." Aliuweka ule ushanga chini. "Ugali uliokula hapa siku ile, unadhani nani aliusonga?"

Yotham alikaa mavumbini, hapo hapo alipokuwa amesimama.

"Alikuwa jikoni, anakusikia," Halfani aliendelea, sauti imeshuka. "Ulipoondoka akaniuliza, 'Baba, yule mwandishi ni wa nani?' Nikamwambia sijui, hakusema. Kesho yake akauliza tena. Nikamkemea. Niliogopa, mtani. Nilidhani mmekuja kunichukulia mwanangu."

Yotham hakumkasirikia. Alimtafuta wa kumkasirikia, akamwona mtu mmoja tu. Alifunua ukurasa wa Bahi. Mwandiko ulikuwa mzuri: Halfani, baba yake, babu zake, wanawe Shaban na Mohamedi. Pembeni, kwa mazoea, alikuwa ameandika hata kimo cha ardhi ya mlangoni pale kutoka usawa wa bahari.

Alifika Ipagala kesho yake jioni. Mama alikuwa amekaa kwenye ngozi, anachambua mlenda kwa vidole.

"Yu hai, mama. Mwaka jana alikuwa hai. Ana mtoto wa kike."

Vidole vilisimama. "Umemwona?"

"Sikumwona. Nilikula ugali wake."

"Lini?"

Alimweleza yote, bila kujitetea. Mama alisikiliza uso umeelekea ukutani. Alipomaliza, aliuliza jambo moja.

"Ulikuwaje?"

"Nini, mama?"

"Ugali."

Yotham alifikiri. Aliweza kukutajia upana wa kila daraja alilolipanga kutoka Gulwe hadi Tabora. Aliukumbuka mwanga wa siku ile, na wino uliokuwa mwepesi, na jinsi alivyokula haraka ili arudie kalamu.

"Sikumbuki."

"Mboga ilikuwa nini?"

"Sikumbuki, mama."

"Tazama kwenye daftari."

"Sikuandika."

Mama akaanza kulia, taratibu, kama mtu anayeanza kazi aliyoiahirisha siku nyingi. Yotham hakujua kama analilia furaha au miaka kumi na tisa, na hakuuliza. Alikaa karibu naye mpaka alipojifuta macho kwa upande wa mkono.

Baba mdogo alipokuja asubuhi, mama alimpokea mlangoni. "Nyemo humtaji kaburini. Yuko Moshi."

"Moshi ndiyo wapi?"

"Muulize Fundi. Yeye ndiye anayejua nchi."

Yotham aliwaza kuandika barua, akaiacha. Halfani alikuwa amemwambia kwamba Stara hajui kusoma, na barua ya askari husomwa kwanza na karani. Tena kikosi huweza kuhamishwa siku yoyote, barua ikabaki.

Atakwenda mwenyewe, na kwa kuwa nauli ya treni na meli ya kuzungukia pwani hana, njia ni ya Kondoa, halafu Arusha, siku ishirini kwa miguu, na makorongo ya huko hayavukiki kabla ya masika kwisha. Ataondoka mwezi wa Mei.