Kadi Isiyo na Pengo

Mama Kitinda alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja kubwa, na mashuka aliyoyanyoosha yeye wenzake waliyajua kwa kuyatazama tu. Lakini kusimama kutwa nzima kwenye mvuke kulimrudisha nyumbani hoi, miguu imemvimba. Ndiyo maana mwalimu wa lugha alipowagawia watoto wa darasa la sita kadi ya kusoma, mama huyu aliitafutia njia ya mkato. Kila siku mtoto alitakiwa asome kwa sauti kurasa mbili akiwa nyumbani, aandike mistari mitano yake mwenyewe, kisha mzazi aliyemsikiliza atie sahihi. Mama Kitinda alitia sahihi za wiki nzima kila Jumapili, saba kwa mpigo, huku Kitinda, binti yake wa mwisho, akimshikia kadi isiteleze. Mistari mitano Kitinda aliinakili tu kutoka kitabuni, na mwalimu mwenye watoto sitini hakuwahi kuikagua.

Siku ya kikao cha wazazi, watoto wakiwa wamekaa nyuma, mwalimu aliinua kadi moja. Nyingine zote zina mapengo, alisema, hii haina hata moja. Akamwomba mama mwenye kadi hiyo apite mbele awaeleze wenzake anafanyaje.

Mama Kitinda akajikaza kisabuni, akaenda. Ulimi hauna mfupa. Alieleza jinsi simu zinavyofungiwa kabatini baada ya chakula. Jinsi neno gumu linavyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Jinsi yeye mwenyewe anavyoandika mistari yake mitano, kisha wanabadilishana madaftari na kuchekana. Kadiri alivyopiga chuku ndivyo alivyonogewa. Mshona viatu wa mtaani kwao, baba aliyekuwa akilea mwanawe peke yake, alitoa kalamu akawa anaandika. Watu wakapiga makofi. Kitinda hakupiga.

Walirudi kwa miguu. Walipokaribia nyumbani ndipo binti aliposema, taratibu, bila ukali wowote, "Mama, yule mama uliyekuwa unamsimulia pale mbele, mimi ningependa kuishi naye."

Jioni hiyohiyo mama akataka waanze. Kitinda alisoma mistari minne akijikwaa kwenye maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu angeyapita mbio, na mama akapigwa na ubaridi: kumbe mtoto hajui kusoma vizuri, na sahihi zake ndizo zilizomficha. Alipomsahihisha mara ya tatu, binti alifunga kitabu. Kesho yake walijaribu tena, lakini mama alisinzia kwenye aya ya pili, na alipozinduka kiti cha binti kilikuwa kitupu.

Wiki hiyo mshona viatu alimsimamisha njiani kumshukuru. Mlango wake umejaa maneno, alisema, na yeye aliyeacha shule mapema sasa anaandika mistari mitano na mwanawe kila jioni. "Umeniokolea mtoto, dada yangu." Mama Kitinda alijaribu kutabasamu, uso ukakataa.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa mwalimu, akasema yote. Mwalimu aliitoa ile kadi, akaitazama. Hakumgombeza. Alisema kadi za uongo amezoea kuziona, ila hii alitaka sana kuiamini. Kisha akampanga Kitinda katika kundi la wanaoanza upya, wanaosoma vitabu vyepesi kabla ya vipindi. Hapo habari zikavuja, na darasani Kitinda akapewa jina: Sahihi.

"Wewe umetua mzigo wako, mama," binti alimwambia, macho yamemwiva. "Umenitwika mimi." Kuanzia hapo ikawa shikamoo, kisha kimya.

Mama hakujua la kufanya, akafanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake. Kila jioni alikaa mezani peke yake, akasoma kwa sauti kitabu chepesi alichopewa Kitinda shuleni, polepole, maana yeye naye alikuwa na kutu ya miaka mingi. Halafu aliandika mistari mitano: mvuke, mikono iliyoungua, msimamizi anayekoroma akiwa amesimama. Siku nyingine alisoma huku machozi yakimlenga, akiona haya kujisikia sauti yake ikizunguka chumba kitupu.

Jioni ya nane sauti ilitoka chumbani kwa binti. "Siyo 'baba alimkana'. Ni 'alimkanya'."

Mama akarudia sentensi. Kitinda akatoka, akasimama mlangoni, akasema aendelee.

Hawakupatana siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Shuleni lile jina halikufutika, na mshona viatu, habari zilipomfikia, alipunguza salamu zake. Ila muhula ulipokaribia kuisha Kitinda aliweza kusoma ukurasa mzima akikwama mara mbili tatu tu, akiwa amekaa mezani upande wa pili. Baada ya hapo aliinamia daftari lake, mkono umelizingira lisionekane. Mama yake alitamani mno kujua anaandika nini. Hakumuuliza.