Mafuta ya Bunduki ya Chesang

Tangu Oduor aondoke, Chesang alilinda ng'ombe peke yake. Wote wawili walikuwa polisi wa akiba, na kwa miaka mingi walikaa kwenye kambi moja ya mabati juu ya shamba la maziwa huko Ndabibi, upande wa Eburru. Mwenye shamba alipopunguza walinzi, Oduor akarudi kwao Alego. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Halafu akaanza kuruka Jumapili moja moja. Siku hizi Chesang akipiga, anaambiwa mteja hapatikani.

Walipokuwa pamoja, Chesang alipika na Oduor alisafisha bunduki. Oduor alikuwa na kichupa cha mafuta kisicho na jina, akipaka kidogo kwa kitambaa, na bunduki zao za zamani, zile za kukoki kwa mkono, hazikuwahi kusumbua. Kichupa alikiacha. Kilipoisha, ndipo Chesang alipotambua kwamba hajui mle ndani mlikuwa na mafuta gani.

Alijaribu oil ya trekta. Vumbi la Ndabibi ni laini kama unga; likashikana na ile oil nzito ndani ya bunduki, na bolti, kile chuma cha kuvuta wakati wa kukoki, ikawa inasaga ikivutwa. Akaipangusa yote, akapaka mafuta ya kupikia. Hayo nayo yakaganda, yakanata. Akaiacha bunduki kavu, na umande ukaleta kutu. Kwenye duka moja la hardware Naivasha walimwonyesha grisi tu, wakamwambia ajaribu Nakuru.

Basi akaacha bunduki kwenye kituo cha polisi na kusafiri hadi Nakuru. Nyuma ya soko alipata duka la spea za cherehani na baiskeli. Mwenye duka, Wamaitha, alikuwa mama wa rika lake, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni.

"Karibu, mzee. Nikupatie nini?"

"Mafuta."

"Ya cherehani?"

"Ya bunduki." Akaongeza haraka, "Mimi ni polisi wa akiba. Yenyewe nimeiacha kituoni."

Wamaitha hakushtuka. Alisema marehemu babake alikuwa na shamba Dundori na bunduki ya leseni, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa mafuta yake.

"Huko kwenu ni vumbi ama ni unyevu?"

"Ni vyote. Mchana vumbi, asubuhi umande."

"Na unapiga risasi mara nyingi?"

Chesang akafikiria. "Mara ya mwisho walikuja fisi. Nilipiga juu, wakaenda."

"Kwa hivyo inakaa tu."

"Inakaa tu."

Wamaitha akapanga vitu kwenye kaunta. "Hii ya cherehani ni nyepesi, haishiki vumbi sana, lakini haikai. Kutu itarudi. Grisi, wachana nayo. Hii sasa ndiyo ya bunduki. Ni nyepesi na inashika chuma. Paka kidogo, halafu upanguse kama mtu anapangusa mtoto uso. Na kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu."

Chesang alikuwa ameelewa. Angeweza kulipa na kwenda. Lakini hakukumbuka ni lini mtu alikaa akamweleza kitu hadi mwisho. Akauliza kitambaa gani kinafaa. Fulana ya zamani, akaambiwa, iwe ya pamba. Akauliza kama baridi itayagandisha. Akauliza kuhusu kitako cha mbao. Halafu akauliza babake alikuwa akifukuza wanyama gani kule Dundori, na Wamaitha akacheka, akasema ni nungunungu wa kwenye viazi, na hakuwahi kumpata hata mmoja. Chesang naye akacheka. Sauti yake ilitoka imekwaruza, kama si yake.

"Chukua huu mkebe mkubwa," Wamaitha akasema. "Utakaa nao miaka."

Chesang aliutazama mkebe. Kutoka Ndabibi hadi pale ni mbali.

"Nipe chupa ndogo."

"Hiyo itaisha, mzee."

"Nitarudi."

Kesho yake aliisafisha bunduki juani, nje ya kambi. Bolti ikateleza bila sauti. "Imekubali," akasema kwa nguvu, akageuka. Hapakuwa na mtu. Akatoa simu, akampigia Oduor. Mteja hapatikani.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, alirudi Nakuru. Duka lilikuwa limejaa mafundi wa kushona yunifomu. Wamaitha akamwona kutoka ndani.

"Mzee wa Ndabibi. Bolti iliacha kusaga?"

"Iliacha."

"Na chupa imeisha kweli?"

Haikuwa imepungua hata robo. "Imeisha," Chesang akasema.

Wamaitha alimtazama kidogo juu ya miwani. Alikuwa karibu kusema kitu, lakini fundi mmoja akaitisha sindano, mwingine mkanda, naye akampa chupa na kuwageukia. Chesang alisimama kando ya baiskeli akingoja watu wapungue. Hawakupungua. Mtu akamwomba asogee apite, naye akasogea mpaka akajikuta nje.

Alifika kambini jua likiwa bado liko. Akaweka chupa mpya kando ya ile ya kwanza, kisha akashuka kuwaingiza ng'ombe bomani, akiwaita mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti kubwa kuliko walivyohitaji.