Betri Iliyochajiwa kwa Vivuli

Saa moja asubuhi, stendi ya Kibiti, Mfaume aliiweka betri kwenye kiti cha mbele cha Noah yake, akaifunga mkanda na kuchomeka waya kwenye dashibodi. Betri ilikuwa ya kiyoyozi cha kubebeka, zawadi ya wafadhili kwa chumba cha kujifungulia cha zahanati ya muuguzi Hadija, njia ya Mohoro. Gari likisimama, betri haikuchaji. Likienda, ilipanda asilimia moja kwa kila mkorosho lililoupita.

Hadija alipokiwasha kiyoyozi, chumba kilipoa, na kivuli cha majani kikatandaa sakafuni. Rukaiya, mwenye mimba ya miezi tisa, alisogeza mkeka hadi palipokolea.

Siku ya tatu betri ilikwama kwenye kumi na tisa. Kuanzia hapo mikorosho yote ya barabarani ilisimama juani bila kivuli, ikiwemo ishirini ya Bi Mwanaharusi wa Mbwara. Yeye mwenyewe alisimama katikati ya njia.

"We Mfaume! Kivuli changu umekipeleka wapi?"

"Shikamoo, bibi. Kipo zahanati."

"Marahaba. Mikorosho ile kapanda marehemu mume wangu, si baba yako. Mie korosho zangu nibangulie wapi? Kichwani mwako?"

"Rukaiya kashikwa na uchungu tangu alfajiri, bibi. Hadija kapiga simu sasa hivi. Chumba kile cha bati ni tanuri, mgonjwa kashazimia mara moja."

"Ungeomba ningekupa. Mmoja, lakini. Siyo ubebe shamba zima." Akafungua mlango, akaipakata betri. "Kata kushoto."

Kushoto kulikuwa na nguzo za umeme hamsini na nne, zilizosimikwa miaka minne iliyopita na kuachwa bila nyaya.

"Vivuli hivi havikaliwi na mtu," alisema Bi Mwanaharusi. "Chukua vyote."

Kila nguzo ilitoa asilimia moja na nusu. Kwenye nguzo ya mwisho betri ilijaa.

Chumbani, vivuli vya nguzo vililala sakafuni kama mistari ya daftari. Saa nane mchana Rukaiya alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, na Bi Mwanaharusi akapiga vigelegele mpaka Hadija akamwomba atoke nje. Kivuli cha mkorosho kiliota tena baada ya siku tisa. Cha nguzo kiliota baada ya usiku mmoja, kwa hiyo Mfaume akabadili njia.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi wa umeme. Alihesabu mistari sakafuni, akapata hamsini na nne, sawa na nguzo za kwenye mchoro wake. Akaandika kwamba zahanati imeunganishwa na umeme, akasaini, akaomba asogezewe kiti kwenye mstari mpana.