Mashine Nyuma ya Ukuta

Tupokigwe aliijenga mashine yake kwa vitu ambavyo wenzake walikwisha kuvitupa. Mota alizing'oa kwenye printa mbovu. Kichwa cha mashine kiliteleza juu ya reli za droo, na kiwiliwili chote kilikuwa vipande vya mbao vilivyobaki kwa mafundi seremala wa Keko. Kompyuta yake ya tangu chuo ndiyo iliyoiongoza: ukiichorea ua, mashine ilitakiwa ilichonge ua hilo kwenye ubao bila mkono wa mtu kugusa.

Ilitakiwa. Miezi ilipita ikitetemeka na kukwama tu.

Isack, aliyesoma naye diploma na kuipanga naye kazi hii, alipata ajira Dodoma. Mwanzoni alipiga simu kila jioni kuuliza. Baadaye akawa anatuma alama ya kidole gumba tu. Mwishowe hata kidole kikakosekana. Tupokigwe akabaki na chumba chake cha kupanga Kiwalani, nusu kitanda, nusu mashine, na hamu moja iliyomkaa rohoni kuliko hata hamu ya kupata wateja: siku mashine itakapochonga, pawe na mtu amesimama pale anatazama.

Wapangaji wengine walilalamikia vumbi kwenye nguo walizoanika. Bi Tunu wa chumba cha pili, waliyepakana naye ukuta, peke yake ndiye aliyekuja na kigoda chake, akaketi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanao hajatembea bado?" akauliza, akiisonta mashine kwa kidevu.

"Bado. Leo kaanguka tena."

"Nyie watu wa Mbeya mnazaa vitoto vizito! Ndizi hizo." Akacheka mpaka akakohoa.

Siku moja Tupokigwe alimwonyesha nati ya mbao iliyokuwa ikilika na kuifanya mashine iyumbe. Bi Tunu akaenda kwake, akarudi na ubao wake wa plastiki wa kukatia nyama. "Kata hapa utengeneze nyingine. Mie meno sina, nyama ya nini? Ila dude likitembea, uniite mie kwanza. Ukimwita mwingine tumekosana."

Plastiki ile ilifaa. Lakini kabla kazi haijakamilika, kifua kilimzidi Bi Tunu, akalazwa. Binti yake Salma, aliyeishi naye, akatoa habari uani: "Daktari kasema Ijumaa huenda wakamruhusu."

Ijumaa hiyo Tupokigwe aliamka na haraka ya mtu anayengoja mgeni. Akafunga mlango, akazima simu, akavaa vizuia sauti masikioni, maana kisu cha mashine kilipozunguka kilipiga kelele ya kupasua kichwa. Akafunga ubao wa mninga mahali pake, akawasha.

Kichwa kikashuka. Kikaenda kushoto, kikarudi, kikapinda taratibu kama mtu anayekumbuka njia. Ua la asumini likaanza kufumbuka kwenye ubao, jani baada ya jani. Tupokigwe akajikuta anageuka nyuma kumwambia mtu, ona! Nyuma palikuwa na kitanda.

Alasiri, alipozima mashine na kuvua vizuia sauti, alisikia watu wengi uani. Akatoka mbio, unga wa mbao nywelini, ubao mikononi.

"Karudi? Yuko wapi? Bibi, limetembea!"

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamejitanda khanga. Salma alikuwa katikati yao, kichwa kimelala mapajani mwa shangazi yake. Mama Godlisten, mpangaji wa chumba cha mbele, akasimama.

"Binti, una moyo gani wewe? Wanaume wako makaburini saa hii wanamzika Bi Tunu. Maiti imeoshwa humu, imeswaliwa, wewe unanguruma tu!"

"Sikujua, mama. Sikuambiwa."

"Nimekubishia hodi mie mwenyewe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Sasa mtu akinyamazia hodi ya tatu, nimvunjie mlango?"

Salma hakuinua kichwa.

Tupokigwe alirudi ndani, akauegemeza ubao ukutani, ua likitazama ukuta, akachukua khanga na kuketi ukingoni mwa mkeka. Hakuna aliyemfukuza. Alipotaka kukata vitunguu, kisu kilikuwa na mtu. Alipoendea masufuria, aliambiwa yameshaoshwa. Msiba mzima hakupewa hata ndoo ya kubeba.

Hitima ilisomwa, wageni wakaondoka. Mashine ilikaa chini ya shuka. Tupokigwe aliogopa hata kuburuta kiti. Mchana mmoja akaifunua, akatwaa bisibisi na kuanza kuifungua, maana hakuona tena anamchongea nani.

Alikuwa ameng'oa reli moja aliposikia ukuta unagongwa. Ukuta ule haukufika darini, na sauti ilipita juu yake.

"Tupo."

"Abee, Salma."

"Mbona kimya siku hizi? Dude nalo limekufa?"

"Hapana. Naona aibu. Siku ile mie..."

"Sijakuita kwa hilo. Huku kumenishinda. Mama alikuwaga anakohoa, dude lako linanguruma, mie nawalaani wote wawili. Sasa nasikia bomba linadondosha maji, basi. Liwashe."

"Njoo basi uione inavyofanya."

"Sitaki kuona. Washa tu."

Tupokigwe akairudishia reli yake. Hakuwa na ubao mwingine, akaiwasha hivyo hivyo. Kichwa kikashuka, kikapinda, kikalichonga ua zima hewani. Upande wa pili kitanda kiliburutwa mpaka kikagota ukutani.

Ua lilipokwisha, mashine ikanyamaza.

"Tena," Salma akasema.

Tupokigwe akairudisha mwanzo.