Mbuzi Mwenye Madereva Wanne

"Meeee!"

Mama akasimamisha cherehani. Nyumba ile haikuwa na mbuzi, na huko ghorofa ya tatu wangemfungia wapi?

"Nani tena kaleta mnyama humu ndani?"

"Huyo ni wangu, mama!" akajibu kijana wake kutoka chumba cha pili, kifua mbele kama jogoo aliyeshinda pigano. "Amekamilika. Njooni wote na simu zenu!"

Nyumbani walimwita Profesa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Miezi minane alikuwa akitengeneza mchezo wa kufundisha jiografia, na kwa miezi hiyo minane kompyuta yake ilikalia meza ya mama ya kukatia vitambaa. Mama, fundi wa nguo, akawa anakata magauni ya wateja sakafuni, amepiga magoti, huku akitaja kiuno chake kwa sauti ili mhusika asikie. Mwisho wakapatana: dada mtu, mwalimu wa jiografia, aujaribu mchezo. Ukimridhisha, aupeleke darasani kwake na meza ibaki kwa Profesa. Usipomridhisha, meza irudi kwa mkasi.

Basi wakakaa. Mbuzi alikuwa mmoja, wachezaji wanne, na kila mmoja alipewa upande mmoja tu wa dunia: mama kaskazini, mjomba kusini, dada magharibi, bibi mashariki. Mbuzi hakusogea ila mwenye upande wake abonyeze simu. Akipotea, anakula ramani na safari inaanza upya. Kwenye skrini ukajitokeza ubeti ambao Profesa aliuonea fahari kuliko mchezo wenyewe:

Jua linakochomoza,
ndiko ziwa huangaza.

"Mwelekezeni mbuzi ziwani," akasema. "Ramani haina mishale. Mnalo jua tu."

Mjomba, dereva wa lori, akacheka. "Miaka ishirini barabarani, nishindwe na mbuzi wa kwenye simu?" Akabonyeza kusini bila kuachia. Mbuzi akatoka mbio, akatumbukia baharini, akaibuka akitafuna ramani.

"Lori lina breki, baba," bibi akamwambia. "Mbuzi ana tumbo."

Wakaanza upya. Jua likachomoza pembeni mwa skrini. Bibi akabonyeza mashariki kwa kidole cha shahada, kwa adabu, kama anayegonga mlango wa watu. Mbuzi akalipa jua kisogo, akaenda zake.

"Bibi, rudi! Jua liko huku!" mama akapiga kelele.

"Nirudi wapi? Mashariki niliyopewa ndiyo hii!"

"Meeee!" Ramani ikaliwa.

"Mchezo hauna kosa," Profesa akafoka. "Nyinyi ndio hamjui jiografia!"

Dada yake akamtazama kwa upole, upole ule ambao wanafunzi wake waliuogopa kuliko kiboko. Safari ilipoanza tena, akabonyeza magharibi. Mbuzi akalikimbilia jua kwa furaha.

"Jua hili umelitoa wapi?"

"Dirishani! Sikunakili kwa mtu, nimelichora kwa macho yangu. Hapa mezani natazama kaskazini, dirisha liko kushoto. Kila nikiamka, jua hilo hapo."

"Mume wangu," bibi akauliza, "wewe huamka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya nani?" mama akadakia. "Wewe huamka watu wakianua nguo!"

Mjomba akacheka mpaka simu ikamponyoka. Profesa akageukia dirisha. Jua la alasiri lilikuwa limejaa tele, linamchoma macho. Mama alikuwa keshashika waya wa kompyuta.

"Ngoja, mama," dada akasema. "Miaka sita nafundisha pande za dunia, sijaona watu wakizigombania hivi. Hata mjomba leo kaijua kusini."

"Nilikuwa naijua!"

"Uliyokuwa unaijua ni kituo cha mafuta. Profesa, jua likikaa mahali pake, naupeleka darasani."

Mama hakuachia waya. "Sitaki alisahihishe kwa kuambiwa. Akalione mwenyewe, dirisha la jikoni, la upande wa mashariki. Kesho likimkuta kitandani, meza yangu."

Wote wakamtazama Profesa.

"Sijui," akasema taratibu, "jua linachomoza vipi. Sijawahi kuliona."

"Sema na lililobaki," bibi akamhimiza. "Mbuzi ni shahidi."

"Mama, nakuahidi: kesho jua likichungulia jikoni, litanikuta nimesimama, nimenawa uso, nalingoja."