Barakoa ya Fundi wa Sufi

Baba yangu, Badi, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi hapa Malindi, na mwaka ule wa themanini na tano, nilipochumbiwa, kifua kilikuwa kimemkataa. Daktari alimwambia waziwazi: ama aache sufi, ama azibe pua na mdomo kwa kitu cha maana, si kitambaa. Baba aliyapokea maneno hayo vibaya. Tangu nikiwa mdogo alikuwa ameniahidi kwamba godoro langu la harusi atalijaza mwenyewe. Isitoshe, kazi nyingine hakuijua wala hakutaka kuijua.

Asiyewahi kujaza sufi hudhani ni kazi laini. Sufi hutolewa mbegu, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikafura, na yote hayo hufanyika ndani ya banda lililofungwa madirisha, maana upepo ukipata upenyo tu, majirani watashinda wakipiga chafya. Kwa hiyo vumbi lote lilibaki mle ndani na baba. Akitoka alikuwa mweupe kuanzia kofia mpaka kope, na akikohoa nyumba nzima ilinyamaza ikisubiri amalize. Mimi niliogopa. Nilikuwa radhi kulala na mume wangu juu ya mkeka kuliko kumsikia baba akikohoa vile kwa ajili yangu, na nilimwambia. Alinijibu nisimtie nuksi.

Basi mama, jina lake Shekha, mwanamke ambaye hajawahi kushindwa na mtu mkaidi, alitukokota sote wawili mpaka kwa Gitau, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Gitau aliweka barakoa mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya bati jepesi, yenye kipande cha pamba ndani na mpira mmoja wa kuvuta kisogoni. Ya pili ilikuwa ya raba nzito, na kila shavu lilikuwa na kikopo cha mviringo.

"Hii ya bati ni ya mtu anapaka rangi siku moja," Gitau alisema. "Kama ni kazi ya kila siku, mzee, chukua hii ya raba. Hapa kando inafunguka. Filta ikichafuka unatoa, unaweka ingine. Maski yenyewe unaosha na sabuni, utakaa nayo miaka."

"Na hizo filta zikisha?" mama akauliza. "Tuzifuate Nairobi?"

"Nitakuwa naweka hapa, mama. Hata watu wa kukata mawe wananunua."

Akatuonyesha namna ya kuivaa: vuta mikanda, ziba vikopo kwa viganja, vuta pumzi, raba ikinata usoni, imekaa sawa. Baba aliitaka ile ya bati. Alisema ile ya raba ina uso wa nzi, na yeye ni fundi wa watu. Mama akamjibu kwamba hajapata kusikia nzi akikohoa. Tukarudi nyumbani na ya raba.

Ila ilinuka. Na kwa mama yangu, kitu kinachonuka hakigusi mwili wa mtu wake mpaka kifukizwe. Alitia udi kwenye chetezo, akaiweka barakoa juu yake pamoja na vikopo vyake, akaifunika kwa kanga, akaiacha mpaka udi ukaisha. Alifanya vile vile alivyozifukiza kanzu za baba za Ijumaa, kwa mapenzi yote. Baba akaivaa akaingia bandani. Hakumaliza hata gunia moja, akatoka anakohoa macho yamemtoka, akaibwaga uani, akasema analiuza banda. Alisema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo lililonitisha, maana kwa kawaida baba akikasirika mtaa mzima hupata habari.

Mama akavaa buibui lake, nikafuatana naye kurudi kwa Gitau. Gitau alifungua kikopo, akanusa, akamtazama.

"Mama, hii mliweka kwa moshi?"

"Moshi gani? Nimeitia udi."

"Filta haijui udi, mama. Imekunywa moshi yote, na sasa mzee akivuta pumzi anavuta hiyo."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mama akaniambia kwa adabu hizo nitarudishwa kabla fungate haijaisha. Tuliondoka na machujio mapya.

Baba alikubali kujaribu mara moja tu. Safari hii alikaa bandani kitambo, tukaanza kutazamana kwa matumaini, kisha tukakisikia kikohozi, kidogo lakini kile kile. Alipotoka, mama alimvua barakoa mwenyewe akaigeuza. Manyoya ya sufi yalikuwa yamejaa ndani, yote upande wa chini, penye ndevu. Baba alikuwa na ndevu nyingi, nzuri, alizozifuga kabla sijazaliwa. Raba ilikalia ndevu badala ya ngozi, na vumbi likajipitia.

"Basi, yamekwisha," baba akasema. "Ndevu zangu sinyoi."

"Nani aliyekwambia unyoe?"

Mama aliiosha barakoa kwa sabuni, akaikausha kwa upindo wa leso, akaivaa. Akavuta mikanda, akaziba vikopo kwa viganja, akavuta pumzi. Raba ikamnata mashavuni. Sauti yake ilitoka kana kwamba yumo ndani ya mtungi: "Wewe nielekeze. Mimi nitapiga."

Kwetu, tangu enzi za babu, sufi ilipigwa na wanaume. Wanawake walishona mito. Nilidhani baba atakataa. Alilitazama banda, akanitazama mimi, kisha akakivuta kigoda chake nje, mbali na mlango, akaketi na sindano yake ndefu.

"Usiipige kwa hasira," akasema. "Inyanyue kwanza."

Wakafanya kazi hivyo, mama ndani, baba nje akishona kingo, wakibishana kupitia ukuta wa banda juu ya namna ya kujaza pembe. Mama akitoka alikuwa na alama ya raba usoni na kichwa cheupe, na baba alimtoa manyoya nyweleni mbele yangu, jambo nililokuwa sijapata kuliona. Machujio mama aliyabadili mwenyewe. Chetezo hakikukaribia tena banda. Kikohozi cha baba hakikuondoka mara moja, kilipungua tu, mpaka asubuhi moja nikagundua nimesahau kukisikiliza.

Siku ya kupeleka vyombo, godoro lilitandazwa uani kabla ya kupakiwa mkokotenini. Shangazi mmoja wa mume wangu, mwenye sifa ya kutafuta kasoro, alilipiga ngumi katikati. Likainuka pale pale.

"Mashallah, Bwana Badi," akasema. "Mkono wako haujazeeka."

Baba angeweza kuipokea sifa ile akanyamaza. Nani angejua?

"Huo si mkono wangu," akasema, akamwonyesha mama, ambaye bado alikuwa na unyoya mmoja wa sufi kwenye nyusi. "Fundi ni yule pale."