Rangi ya Mlango Mmoja

Mkokoteni ulikuwa umeshapinda kona ya kinyozi, ndipo Bi Rangi akakumbuka kwamba hajaaga. Hakurudi. Shemeji yake alikuwa bado kwenye ngazi ya duka, mikono kiunoni, anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Shemeji! Mali ya duka unaigawa bure?"

"Nagawa milango!" alimjibu bila kugeuza shingo. "Kuta nitauza!"

Fundi, mchanganya rangi wa duka tangu enzi za marehemu mume wa Bi Rangi, alisukuma mkokoteni kwa kifua. Makopo madogo yaligongana njia nzima. Yote yalikuwa na rangi moja, buluu iliyoegemea kijani, kila kopo likitosha mlango mmoja basi. Ukijitia tamaa ya kupaka na fremu, itakuishia njiani.

Mambo yalikuwa hivi. Duka la rangi lilikuwa la ndugu wawili. Mmoja alipofariki, sehemu yake ikabaki kwa mkewe, ndiye huyu Bi Rangi. Ndugu aliyebaki alitaka kuligeuza liwe duka la simu, kwa sababu biashara ya rangi ilikuwa imelala usingizi wa pono. Wakavutana, hata wakaafikiana mbele ya familia nzima: mvua zikianza kabla wateja hawajarudi, Bi Rangi akabidhi funguo. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Si kwamba shemeji hakuwahi kugawa kitu. Aligawa kofia, nzuri kweli, zenye jina la duka kwenye paji. Watu walizivaa mpirani, wakazivaa sokoni, wakazivaa hata msibani. Hakuna aliyeingia dukani, kwa sababu hakuna kichwa kilichohitaji kupakwa rangi.

"Yeye aligawa pambo," Bi Rangi alimwambia Fundi. "Mimi nagawa mwanzo wa kazi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshonaji, mwanamke asiyedanganyika kirahisi. Alilishika kopo, akaligeuza juu chini.

"Bure? Ndani kuna nini?"

"Rangi, dada."

"Na nyuma ya hiyo rangi? Mwaka juzi nilipewa sabuni ya bure, nikajikuta nimeandikishwa kwenye chama nisichokijua."

"Nyuma yake kuna ukuta wako. Paka mlango, ukikauka vuka barabara, simama ng'ambo kule uitazame nyumba yako. Mimi sisemi zaidi."

Kinyozi, aliyekuwa amewafuata ili asipitwe na jambo, aliangua kicheko. "Kwa hiyo na mimi ninyoe upande mmoja bure?"

"Ungekuwa tajiri saa hizi!" Bi Rangi alimjibu.

Makopo yaliisha kabla ya jua kuwa kali. Wiki hiyo mtaa ukabadilika sura. Milango iling'aa mpaka wapita njia wakapunguza mwendo, na kuta, ambazo miaka yote hakuna aliyezijali, zikaonekana kama mtu aliyevaa viatu vipya na suruali ya kulalia. Watu walivuka barabara, wakatazama nyumba zao, wakarudi kuzikagua kuta.

Kisha wakaja dukani, wengi kwa mpigo. Shemeji alikuwa amekaa kwenye stuli anapima kwa macho mahali pa kuweka kabati la simu. Alipowaona, akanyanyuka nusu.

Mshonaji alikuwa mbele. "Nipe ile ile ya mlango. Nataka nyumba nzima."

"Na mimi!" "Na mimi ile ile!"

Bi Rangi alitabasamu, akageuka kumtafuta Fundi. Hayupo. Alimkuta stoo, anajikuna kisogo.

"Mama, ile haipo."

"Changanya nyingine."

"Siwezi. Uliponiambia nitoe rangi ya kugawa, niliona hasara kufungua madebe mapya kwa kitu cha bure. Nikamimina mabaki yote kwenye pipa moja. Ya shule, ya zahanati, ya yale mageti... Hata mimi sijui kiliingia nini."

Shemeji alikuwa ameshachungulia mlangoni. "Lete funguo, shemeji. Umewaonjesha watu chakula kisichopikika tena."

Bi Rangi alipiga moyo konde, akatoka mbele za watu.

"Ile imekwisha, na haitarudi. Hata mkizunguka nchi nzima hamtaipata. Ipo kwenye milango yenu tu."

Minong'ono ikapita. Mshonaji akashika kiuno. "Sasa ukuta wangu niuvishe nini?"

"Nikuulize wewe. Mtu akikuletea kitambaa cha maua, unamwekea na mkanda wa maua?"

"Thubutu! Namwekea mkanda wa rangi moja, maua yapate kuonekana."

Alisikia alichosema mwenyewe. Akawageukia wenzake. "Huyu mama anasema kweli."

Bi Rangi aliwatoa wote nje, akaufunga mlango wa duka, nao ulikuwa umepakwa rangi ile ile, ili wote wauone. Fundi alileta mbao zilizopakwa rangi nyeupe, rangi ya maziwa na rangi ya mchanga.

"Shemeji, usikae kama mgeni. Shika ubao huu hapa, pembeni ya mlango. Juu kidogo."

Shemeji alishika. Ubao wa mchanga ulipokaa kando ya ile buluu, mtu wa nyuma kabisa alipaza sauti: "Huo huo! Nifungie madebe yangu kabla mvua haijanyesha!"

Mvua zilichelewa kidogo, na zilipokuja kuta nyingi zilikuwa zimekauka. Funguo zilibaki kwa Bi Rangi. Shemeji alipewa pembe moja ya duka, anauza simu hapo, na mtu akiuliza habari za rangi anainuka kushika ubao bila kuambiwa. Fundi siku hizi anafungua debe jipya hata kwa rangi ya kugawa. Mshonaji alipaka kuta zake rangi ya mchanga, kisha akaanza kushona kola moja bure kwa anayeleta shati kuukuu. Kinyozi alijaribu kunyoa upande mmoja bure. Mteja wake wa kwanza alishukuru, akavaa kofia ya shemeji, akaenda zake.